Chupa Zilikuwa Zako, Leso Ilikuwa Yangu

Katana, mume wangu,

Salamu tuziache. Umenisalimu leo asubuhi ukitoka kwenda Malindi, tena umenisalimu vizuri mno: "Shikamoo Hawe. Umeamkaje, Hawe?" Na kichwa umekiinamisha. Kijana wa watu mwenye adabu zake. Adabu hiyo ndiyo iliyonikalisha kitako hapa nikaomba kalamu ya mtu.

Kalamu si yangu, unajua. Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na mzigo wa kuni. Anayeandika ni Mama Neema, jirani yetu. Ndiyo, huyo huyo, usishtuke. Nimemwita mimi mwenyewe kwa sababu siku ile alikuwapo, na mtu aliyekuwapo hawezi kunipunguzia maneno. Nimemwambia, "Kila nitakalosema uliandike, hata likikuchoma mkono." Naye kanijibu, "Haya Hawe, lakini usiseme mbiombio, mimi niliishia darasa la saba." Tumekaa nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha ukuta. Wewe uko mjini unatafuta viatu vyeusi walivyokuagiza. Kesho asubuhi unapanda basi uende Nairobi ukalinde geti la watu.

Mambo ya kula na kulala sitakwambia. Mamako amepiga simu kutoka Mtwapa mara tatu, amekwambia yote, mpaka soksi. Mimi nina jambo moja tu, nami nimelikalia miaka miwili kama kuku aliyekalia yai viza.

Unakumbuka ilivyoanza? Ilianzia kitandani kwangu. Ile malaria iliyonilaza hospitali siku nne, nikatundikiwa dripu. Wengine walikuja na machungwa, wakanitazama, wakaenda zao. Wewe uligeuza ndoo ukaikalia, macho juu kwenye ile chupa. Mimi nikadhani unaniombea. Kumbe unahesabu. Ukaniambia, "Mke wangu, linaanguka tone, linangoja, linaanguka jingine. Halina haraka. Na wewe jana ulikuwa umenyauka, leo unagombana na muuguzi. Mbona sisi tungule zetu tunazimwagia maji kama tunazima moto?"

Nikakwambia, "Mume wangu, tungule ni nyanya tu, hazina mishipa."

Ukasema, "Zina mizizi."

Muuguzi alicheka akashika kitanda, kusikia kijana wa miaka kumi na saba akimwita ajuza kama mimi "mke wangu". Hakuwa mtu wa huku, kwao hawe ni bibi tu. Hakujua kwamba wewe ndiwe uliyebeba jina la marehemu babu yako, na mtoto aliyebeba jina la babu ni mume wa hawe yake, kwa utani na kwa kweli, mpaka mmoja azikwe. Wewe hukuniita jina jingine tangu ulipojua kusema. Ukitoka shule, mlangoni: "Mke wangu, umepika nini?" Nami: "Umeleta nini nikupikie, mume mvivu wewe?" Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yangu baada ya babu yako. Sikuwa na mengine.

Tulipotoka hospitali ukaanza kazi. Kiangazi kilikuwa kimetushika. Kisima chetu kina chumvi, maji matamu yako kule kioskini, na baiskeli inabeba mitungi mitatu tu. Ukaenda ukazunguka nyuma ya hoteli za Watamu, ukarudi na magunia mawili ya chupa tupu za maji ya wazungu. Ukazikata vitako kwa kisu changu cha samaki, kikawa butu hata leo. Ukaipasha sindano yangu kwenye makaa, ukatoboa vifuniko, ukazitundika kichwa chini, kila chupa na mti wake. Chupa ya kwanza ilitoa maji yote kabla hujaijaza ya pili. Tundu kubwa. Ukatoboa dogo, punje moja ya mchanga ikaziba, ukawa unafungua na kupuliza siku nzima kama mpiga nzumari. Ndipo ukaja jikoni ukasema, "Mke wangu, nataka kitambaa cha kuchujia, nikiweke shingoni mwa chupa."

Sasa sikiliza hapa. Nilikuwa na leso nne. Moja ya buluu, moja ya kijani, moja nyeupe yenye korosho, na ile nyekundu iliyochanika upindo. Nikakupa nyekundu. Nikaichana mimi mwenyewe, kwa meno, vipande ishirini na vinne. Na wewe, kwa kuwa una akili isiyotulia, ukaloweka mavi ya mbuzi kwenye pipa ili tungule zinywe na kula kwa pamoja, maji yakawa meusi kama kahawa.

Ukazipanga. Chupa ishirini na nne, maji meusi ndani, kitambaa chekundu shingoni, zinaning'inia shambani.

Mtu yeyote wa kwetu angekwambia hicho ni kiraho. Huko uendako hawakijui, na ukiwaeleza watacheka, lakini huku hakuna anayecheka. Mwenye shamba anatiliwa dawa kwenye chupa, anaifunga kitambaa chekundu, anaitundika. Akila mwizi, tumbo linavimba mpaka aje akiri. Nimezaliwa nimeikuta dawa hiyo. Wewe ni mtoto wa shule, akili yako ilikuwa kwenye matone, hukuona. Mimi niliona. Niliona siku ile ile ya kwanza, nimesimama na mwiko mkononi. Hilo ndilo hujawahi kulijua, mume wangu. Mimi nilijua.

Ningesema, "Katana, toa hivyo vitambaa, weka vya korosho." Maneno hayo hayamalizi hata pumzi moja. Sikuyasema. Unajua kwa nini? Kwa sababu kabla ya chupa, tungule zetu zilikuwa zinakomaa jioni na kupotea alfajiri. Mjane shamba lake ni njia ya watu. Chupa zako zilipopanda juu, hakuna hata moja iliyopotea. Watu wakaanza kuzunguka kwa mbali. Waliokuwa hawaniamkii wakaniamkia. Kuogopwa ni kutamu, usiombe ukuonje. Nami nilikuwa nimekaa miaka mingi bila kitu kitamu.

Wewe ulikuwa unamwita kila apitaye: "Njoo uone, ni maji na mavi ya mbuzi tu!" Wewe unawafungulia mlango, mimi nyuma yako naufunga. Siku moja Mama Neema huyu alipita na mtungi kichwani, akasimama pale kwenye ua wa michongoma.

"Hawe," akasema, "hizo chupa ni za nini?"

Nikamwambia, "Chuma moja utajua."

Nikacheka mpaka meno yangu matatu yakapigwa na jua. Yeye hakucheka. Aliondoka akinyapa. (Hapa amesimamisha kalamu. Anasema sikucheka tu, nilimkonyeza. Sawa, nilimkonyeza. Andika.)

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wangu mimi ulikutumbukia wewe.

Neema akaumwa tumbo. Likavimba, likakaza kama ngoma. Na mamake akakumbuka kwamba juzi yake, sisi tukiwa kioskini, alipitisha mkono uani akachuma tungule tatu. (Anasema mbili. Haya, mbili.) Mtu na hofu yake na hatia yake, na maneno yangu masikioni, ungekuwa wewe ungewaza nini? Siwezi kumlaumu. Nilimpa mimi mbegu, yeye akaotesha.

Walikuja alasiri, wewe unajaza chupa. Watu kama ishirini, mtoto mgongoni kwa mamake analia. Wanaume walikuwa na panga mikononi kama watu wanaotoka kukata makuti, lakini hakuna aliyebeba kuti hata moja. Nami mawazo yangu yakaenda moja kwa moja kwa yule mzee rafiki wa babu yako, aliyeiacha nyumba yake na minazi yake akaenda kujificha kwa watu asiowajua, kosa lake ni mvi. Nikajishika kichwa. Mvi tupu. Na macho yangu mekundu, moshi wa kuni wa miaka sitini. Mchawi nimekamilika, nimebaki kupewa ungo tu.

Mmoja wao, panga mkononi, akauliza, "Hawe, chupa hizi ni za nani?"

Katana, mimi si mwoga. Nimezaa watoto watano juu ya mkeka. Nimeua fira kwa mchi. Lakini nililitazama lile panga, nikainua kidole changu hiki, kinachokuchumia mchicha kila siku, nikakuelekeza wewe.

Nikasema, "Si zangu. Ni za mtoto huyu."

Sikusema hata mume wangu. Nilisema mtoto huyu.

Ulinitazama. Ungeweza kusema leso ni yangu, kila mtu alikuwa ameniona nayo kwenye misiba. Ungeweza kusema, mwulizeni Mama Neema ni nani aliyemwambia chuma utajua. Hukusema. Ukageuka kwao ukasema, "Ni zangu." Kama mtu anayeulizwa baiskeli hii ya nani.

Wakasema, "Kama ni maji, kunywa."

Ukanywa. Chupa ya kwanza wakasema haitoshi. Ya pili ukashika tumbo. Ya tatu yule mwenye panga akakushikia mwenyewe, maji ya mavi yanakuchuruzika kifuani. Nilihesabu. Wewe ulikaa kwenye ndoo ukahesabu matone yangu. Mimi nikasimama mlangoni nikahesabu mafunda yako. Halafu ukaenda kwenye ule mpapai ukatapika, na hakuna aliyekusogelea, hata mimi. Waliposema zichomwe, nani aliyekwenda jikoni kuchukua kijinga cha moto? Nilikwenda mbio, nikasahau hata kuvaa ndara. Nilitaka waone niko upande gani.

Kesho yake Neema akapelekwa hospitali. Minyoo. Akapewa dawa, siku ya tatu anaruka kamba. Hakuna aliyerudi kwetu kusema neno. (Mama Neema anafuta karatasi kwa upindo wa leso. Namwambia aache kufuta, wino utachafuka.)

Na asubuhi baada ya moto ule ukatoka chumbani, uso umekuvimba, ukaniambia, "Shikamoo Hawe."

Nikajibu marahaba. Nikangoja lile la "mke wangu". Halikuja. Nikasema moyoni, kijana amekasirika, itapita na mvua. Mvua ikanyesha, ikapita. Umenitekea maji miaka miwili. Umenipasulia kuni. Nilipoumwa mguu ulinipakia baiskeli ukanikokota mpaka zahanati, na njia nzima, "Pole Hawe, tunafika Hawe." Hukunikosea heshima hata mara moja. Laiti ungenitukana! Tusi lina mwisho wake, mtu akishatukana anapoa. Heshima kama yako haipoi. Na shamba hukuligusa tena kwa mkono wako. Ukitazama pale palipoungua, unatazama haraka.

Nikwambie jambo la babu yako, uliyebeba jina lake. Nilipoolewa nilikuwa mdogo, nyonga hazijakaa sawa. Mamake alikuwa na mtungi wa udongo aliorithi kwa mamake, maji yake baridi hata Januari. Nikauvunja. Nimesimama na vigae miguuni, mama mkwe anaingia. Babu yako alikuwa kwenye kiti anashona wavu. Hakunyanyua hata kichwa. Akasema, "Mama, nimeuvunja mimi." Alichapwa maneno mwezi mzima, mtu mzima na ndevu zake. Nilipomwuliza mbona, akanijibu, "Wewe ulikuwa na hofu, mimi sikuwa nayo." Basi. Hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini.

Nimekaa miaka miwili natazama: mume wangu wa kwanza alinibebea kosa langu kwa hiari yake, na mume wangu wa pili nikambebesha kwa kidole.

Kwa hiyo sikuagi kwa mausia. Mwenye kuusia ni mtu aliyefanya vizuri. Ninayo niliyoyaona tu. Huko getini watakuvika kofia, watakupa rungu, na watu watakuogopa kidogo. Utaona ni kutamu. Siku utakayoona ni kutamu, mkumbuke hawe yako na meno yake matatu juani. Na siku moja wataleta mtu kwako, watasema huyu ndiye mwizi, na wote watakuwa wamenyoosha vidole. Mtazame wa kwanza aliyenyoosha. Huenda ni mtu mzuri anayetetemeka. Mimi nilikuwa mtu mzuri, asubuhi yake nilikupikia mahamri.

Na jingine: kazi ni kazi, sidharau geti. Ila ninapokuona umeshika viatu vyeusi, naona mikono iliyojua maji inakwenda kushika rungu, na ninajua aliyeigeuza ni nani. Usiniambie si mimi. Mamako anasema ni ukosefu wa kazi. Mamako hakuwapo.

Sasa nikwambie ninachokificha. Tangu barua yako ya kazi ilipokuja, kila ukitoka mimi niko nyuma ya choo. Nimetundika chupa saba, kwa miche saba ya tungule. Vifuniko nimetoboa mwenyewe. Kidole gumba kimeungua, uliniuliza juzi nikakwambia ni chungu, nilikudanganya. Vitambaa nimetoa ile leso nyeupe. Maji matupu, hayana mavi. Halafu nikafanya lile nililopaswa kulifanya mwanzo: nikapita nyumba kwa nyumba. Nikawaambia, "Njooni nyuma ya choo cha mchawi." Walikuja wachache, kwa woga. Nikawashika mkono mmoja mmoja nikaweka kidole chini ya tone. Nikawaambia hii ni dripu, aliibuni Katana akiwa ameketi kwenye ndoo, na maneno ya kiraho niliyatia mimi kwa kinywa changu, na leso ilikuwa yangu, na mliyemnywesha hakuwa na kosa lolote. Yule mwenye panga alikuwapo. Alikitazama kidole chake kilicholowa, akaenda zake. Sijui amebeba nini. Huyu Mama Neema alikiacha kidole chake pale muda mrefu. Akasema, "Ni maji tu." Akalia. Sasa anataka chupa nne kwa miche yake ya mabenda. Sijampa bado, acha na yeye asubiri kidogo. (Anataka kukuandikia neno lake hapa chini. Nimemkatalia. Lake akakwambie kwa mdomo, kesho, uso kwa uso.)

Chupa sita zinakwenda. Ile ya nne imenishinda. Inatoa asubuhi, ikifika adhuhuri inasimama, na maji bado yamo. Nimebadilisha kitambaa, nimezibua tundu, nimeipuliza mpaka nikaona nyota. Mche wake umeinamisha majani. Hii si hila ya kukuita, Katana. Kweli imenishinda. Wewe utaitazama mara moja utajua, kwa sababu una jicho la mambo hayo, nami nililichoma.

Barua nitaiweka juu ya begi, pale utakapoiona. Ukiisoma leo, kesho kabla ya basi pitia nyuma ya choo. Nitakuwa pale tangu alfajiri, nimekaa kwenye ile ndoo. Sikuombi unisamehe mbele ya watu, wala sikuombi usiende. Nionyeshe kosa la chupa ya nne. Na ukifika usiiname, usiseme shikamoo. Ziko shikamoo zako mia saba nimezihifadhi, zinatosha kunizika. Niite kama zamani. Hata kwa hasira. Hata useme, "Mke wangu, umefanya nini hapa, wewe huna akili?"

Na kama kwa haraka zako utaitia mfukoni ukaisomee ndani ya basi, nami nitakuwa nimekaa pale mpaka jua linipate, najua. Basi hapo hapo kwenye kiti, useme kwa sauti. Abiria watageuka, watasema kijana huyu amerukwa. Waache wageuke. Mimi nitaitazama chupa, na likianguka tone adhuhuri, nitajua umesema.

Mke wako,
Hawe